Foleni ya Mlango wa Saba

Siku moja watu hamsini na mbili walipanga foleni nyuma yangu, na mimi sikumwita hata mmoja.

Nilikuwa wa kwanza.

Saa mbili baadaye nilikuwa wa hamsini na tatu. Foleni ileile.

Kaa vizuri nikueleze, maana najua umeshaanza kunihesabia vibaya.

Mimi ni fundi wa mafriji. Nipe friji iliyokufa, nitaifufua ukiona kwa macho yako. Lakini mambo ya ofisini, muhuri huku na saini kule, hayo hunitoa jasho.

Kilichonipeleka ofisini ni herufi moja tu.

Cheti cha kuzaliwa cha binti yangu kiliandikwa "Me" badala ya "Ke". Miaka sita kile cheti kimelala kabatini, hakuna aliyeona. Aliyekuja kuona ni mwalimu wa usajili shuleni.

"Baba, kompyuta inasema huyu ni mvulana."

"Mwalimu, si unamwona? Kavaa gauni."

"Mimi namwona. Kompyuta haimwoni. Leta cheti kilichorekebishwa kabla ya Ijumaa saa kumi. Ikipita hapo, nafasi yake anapewa mwingine. Wanaoisubiri wamejaa tele."

Tukaenda Ijumaa hiyohiyo.

Usiniulize kwa nini hatukwenda Jumatatu. Mafriji ya watu.

Mke wangu ni muuguzi na siku hiyo alikuwa zamu, hivyo akanikabidhi kwa mama yake. Ofisi ilitaka shahidi aliyekuwepo chumbani mtoto alipozaliwa, na aliyekuwepo ni mama mkwe. Mimi nilikuwa nimezimia kwenye korido. Hayo tuyaache.

Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache na macho mengi. Tangu nimuoe mwanawe sijawahi kumaliza sentensi mbele yake bila kujikwaa. Karatasi zote alizishika yeye, kwenye mkoba wake.

"Vidole vyako vina mafuta, Fundi," alisema.

Alikuwa sahihi. Mimi nilibeba bahasha ya kaki tu, na ndani yake kulikuwa na kifaa cha friji ya mteja.

Tukafika saa tatu asubuhi.

Korido ndefu, milango saba, mabenchi ukutani. Marekebisho ya vyeti ni mlango wa nne. Mlango umefungwa, umebandikwa karatasi: NARUDI SASA HIVI.

Ile karatasi ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Kona zake zimejikunja kwa uzee.

Watu kama kumi na tano wameketi, wapole kama wagonjwa. Wengine wanapiga miayo, wengine wanasoma tangazo la usafi kwa mara ya kumi.

"Afisa yuko wapi?" nikauliza.

"Chai," akajibu mmoja.

"Tangu saa ngapi?"

"Tulimkuta ameshakwenda."

Tukaketi. Nikatoa simu nimjulishe mke wangu. Chaji asilimia tatu.

Nikatafuta tundu la umeme korido nzima, nikaliona moja tu, mwisho kabisa, pembeni ya mlango wa saba. Waya wa chaja yangu ni mfupi, kwa hiyo ilibidi nisimame na simu mkononi, uso nimeuelekeza mlangoni na bahasha yangu kwapani.

Sasa mtu ukimwona vile kwa mbali, utasema anafanya nini?

Haa. Umeelewa.

Hazikupita dakika tano, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Mzee mmoja nadhifu, kofia ya ukingo mpana, viatu vinang'aa.

"Hawajafungua?" akauliza.

Jamani, swali lenyewe nililijibu kwa haki. Mlango haukuwa umefunguliwa.

"Bado," nikasema.

Akatikisa kichwa, akasimama nyuma yangu.

Nilitaka kumwambia, "Mzee, mimi nachaji simu." Neno lilifika mpaka kwenye meno. Kisha shetani akanikonyeza. Akaniambia: ngoja kidogo, tuone.

Nikauchuna.

Akaja dada mmoja mwenye miwani, ana faili la bluu. "Samahani, hapa ndipo kwenye marekebisho?"

Hakuniuliza mimi. Alimuuliza mzee. Na mzee, bila hata kupepesa, akamjibu:

"Ndipo. Na mengine yote."

Nikageuka nikamtazama. Uso mkavu, hana wasiwasi. Nani kamwambia? Hakuna. Lakini alikuwa na mtu mbele yake, na sasa ana mtu nyuma yake. Alitaka ushahidi gani tena?

Wakafika watatu. Wakawa sita. Wale wa mlango wa nne wakaanza kututupia macho. Mmoja akainuka "kunyoosha miguu", lakini miguu ikanyookea kwetu. Wa pili akamfuata. Benchi likaanza kupungua kama sabuni kwenye maji.

Hapo mimi nacheka moyoni hadi mbavu zinauma. Usoni nimekaza kama mtu aliyefiwa.

"Kaka," dada wa miwani akaninong'oneza kwa wasiwasi, "nakala wanataka ngapi?"

Nikaangalia dari kama mtu anayekumbuka. "Nasikia mbili."

Nakuapia, nilisema "nasikia". Lakini neno lilipofika wa kumi lilikuwa sheria. Watu wakatoka mbio kwenda kutoa nakala. Wakarudi na habari kwamba picha lazima ziwe na ukuta wa bluu nyuma. Nani kasema picha? Mimi sikutaja picha!

Mzee wa kofia akatoa daftari. "Tuandikishane majina, wasije wajanja wakatuingilia." Kuanzia hapo akawa Mwenyekiti. Hakupigiwa kura, hakupingwa. Akaandika namba moja: Fundi.

Nikawa mtu mkubwa, bwana. Watu wananiachia nafasi nisibanwe. Mama mmoja kanipa maji. "Kunywa, wewe umesimama tangu alfajiri."

Tangu alfajiri! Nikanywa.

Ilipofika saa tano kasoro, nikageuka kuangalia ukubwa wa kazi yangu. Foleni ilikuwa imeifuata korido yote, imekata kona, mkia hauonekani. Na katikati yake, mkoba kifuani, amesimama wima kama askari wa gwaride, nani?

Mama mkwe.

Cheko likanikauka.

"Mama!" nikamwita. "Mbona umetoka kule?"

"Si nimekuona umesimama hapo? Nikajua umepata habari."

Kabla sijajibu, nikamwona. Kule mbali, mbele ya mlango wa nne, mwanaume mwenye tai anatoa funguo mfukoni. Afisa! Akafungua. Akaangalia mabenchi: hakuna mtu. Akaingia, akakaa dakika tatu labda nne, akachungulia tena kulia, kushoto. Foleni yetu ilikuwa imempa mgongo. Akaitengeneza vizuri ile karatasi yake ya SASA HIVI, akafunga, akaondoka anapiga mluzi.

"Afisa! Afisa!" nikapiga kelele.

Nikataka kukimbia. Nitapitia wapi? Watu wamejipanga kifua kwa mgongo, kila mmoja anaona nikitikisika nataka kumchezea rafu. Mpaka nimejichomoa, mtu wa tai kashayeyuka.

Kimeumana.

Binti yangu ana mpaka saa kumi. Mwenye muhuri kaondoka kwa sababu hakumkuta mtu, na hakumkuta mtu kwa sababu yangu.

Nikapiga moyo konde. Nikapanda juu ya benchi.

"Ndugu zangu! Nisikilizeni. Hapa hakuna huduma. Mlango wa marekebisho ni ule wa nne. Mimi hapa nilikuwa nachaji simu!"



Macho hamsini na mbili, mara mbili, yananitazama.

"Unasema?" akauliza Mwenyekiti.

"Nilikuwa nachaji simu, mzee. Tundu la umeme ni hili hapa. Chaja ni hii hapa."

Akaitazama chaja. Akanitazama mimi. Akacheka kwa huruma.

"Watu wote hawa wamesimama hapa kwa ajili ya chaja yako? Kijana, unatuona watoto?"

"Anataka tuondoke abaki peke yake!" akadakia mmoja.

"Mjanja huyo! Ameambiwa nafasi ni chache!"

"Mtoeni!" ikapaa sauti ya mwanamke kutoka katikati. "Mtoeni, anatuchelewesha!"

Ile sauti niliijua. Ile sauti ndiyo iliyonikubalia posa.

Mama mkwe mwenyewe!

Mwenyekiti akafungua daftari, akakata jina langu kwa mstari mmoja mnyoofu. Mama aliyenipa maji akaniomba chupa yake.

Nikaenda kwa mlinzi, yule anayekaa mlangoni na lundo la funguo kiunoni. Nikamwambia, "Mkuu, nisaidie. Mlango wa saba una nini?"

"Stoo. Viti vibovu."

"Asante! Njoo uwaambie wale watu."

Akainuka vizuri tu. Akatembea hadi kwenye kona, akaiona foleni. Hatua zikapungua. Akajikuna shingo.

"Mimi ninavyojua ni stoo," akasema polepole.

"Si ndiyo hiyo!"

"Lakini leo naona watu. Watu wengi namna hii hawawezi kuwa wamekosea wote. Labda wamehamisha. Sisi walinzi huwa tunaambiwa mwisho."

"Funguo si unazo wewe?"

"Ninazo. Ndiyo maana sitaki lawama."

Akarudi kuketi.

Nikamfuata mama mkwe, nikamsogelea sikioni kwa adabu zote. "Mama, tafadhali. Twende tumtafute afisa. Mtoto atakosa shule."

Hakunitazama. "Wewe nenda, mwanangu. Mimi nabaki na wenzangu."

Nikazunguka jengo zima. Nikagonga mlango wa nne hadi vidole vikauma. Hakuna. Nikaulizia mtu mwenye tai, nikaonyeshwa watu watatu wenye tai, wote si yeye. Nilipomrudia mama mkwe, hakuwepo. Jirani yake akasema amekwenda chooni, nafasi yake imewekewa mkoba.

Na hii sasa ndiyo sehemu ambayo sijawahi kumsimulia mtu.

Nilisimama pembeni nikaitazama ile foleni. Ilikuwa nzuri. Imenyooka, imetulia, kila mtu na nakala zake mbili mkononi. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi isipokuwa mimi.

Nikaanza kujiuliza.

Huenda kuna kitu wamekijua nilipokuwa natafuta afisa. Huenda mlango umefunguliwa kidogo ukafungwa. Yule dada wa miwani anaonekana msomi, angesimama bure? Na mama mkwe, mwanamke asiyedanganyika hata sokoni, angesimama bure?

Mimi niliyejua, niliyekuwa na chaja mfukoni kama ushahidi, nikaanza kujiona mjinga.

Nikazunguka kona mpaka mkiani. Nikasimama.

Wa hamsini na tatu.

Na kuapa si mazoea yangu, lakini nakuapia, moyo ulitulia palepale. Kama mtoto aliyeogeshwa akafunikwa shuka.

Akaja bwana mmoja nyuma yangu, anahema. "Samahani, hapa ndipo kwenye marekebisho?"

"Ndipo," nikasema.

Safari hii sikuwa natania.

Saa sita ikakaribia. Mara korido ikachangamka. Akatokea mkuu wa ofisi mwenyewe, mfupi, mwepesi, anafuta jasho, na karani wake anamkimbilia nyuma. Akaitazama foleni toka kichwani hadi mkiani.

"Hapa anahudumia nani?" akamuuliza karani kwa sauti ya chini.

Karani akasema labda ni agizo la idara nyingine. Akaitwa wa mlango wa pili, akasema yeye alidhani ni agizo la mkuu. Mlinzi akasema yeye huambiwa mwisho.

Mkuu akatazama tena wale watu wote waliokuwa wakimtazama. Ungekuwa wewe ungesema nini? Ungesema, "Mimi ndiye mkuu hapa na sijui mnafanya nini"?

Akakohoa, akarekebisha koti.

"Ndugu wananchi, tunaomba radhi kwa kuchelewa. Mtahudumiwa sasa hivi."

Foleni ikapiga makofi!

Mlinzi akaletwa na funguo. Mlango wa saba ukafunguliwa, likatoka vumbi la miaka. Wanaume wa foleni wakatoa viti vibovu kwa kupokezana, ikaingizwa meza moja na kiti kimoja. Mtu akatumwa kantini, akarudi na afisa wa tai, tai imekaa begani, mdomo bado unatafuna. Akakalishwa pale, akapewa muhuri wake.

Nilikuwa nimeacha mkia kwenda kushuhudia. Ningekosaje?

Wa kwanza akaingia Mwenyekiti na kofia yake.

"Cheti cha nani, mzee?"

"Cheti? Mimi nimekuja kuulizia bomba la maji."

"Mzee, hapa ni vyeti vya kuzaliwa tu."

Mzee akawaza. Saa mbili na nusu amesimama, ameongoza watu, ameandika daftari. Hawezi kutoka hivihivi.

"Basi nitaleta changu," akasema. "Nacho ukikiangalia vizuri hakikosi kosa."

Mama mkwe alipofika mezani alimaliza kwa dakika nane. Saini, muhuri, "Me" ikawa "Ke". Akanipita pale nilipokuwa nimesimama, akanigusa bega kwa mkoba.

"Twende, Fundi. Au bado unapanga foleni?"

Tulifika shuleni saa tisa na robo. Mwalimu akaingiza jina, kompyuta ikawaza, ikakubali. Binti yangu ana nafasi.

Tukawa tunarudi nyumbani kwa miguu, mimi na mama mkwe. Lakini dhamiri inanila. Nikasema acha nitubu.

"Mama, nisamehe. Ile foleni niliianzisha mimi. Mwanzoni ulikuwa utani."

Akasimama. Akanitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, mama mkwe alicheka mbele yangu. Alicheka hadi akashika ukuta wa watu.

"Fundi. Unadhani ile foleni ilikuwa yako?"

"Si niliianzisha..."

"Wale sita wa kwanza ni wako. Waliobaki ni wangu."



"Tulipofika tu nilimuuliza mlinzi ule mlango una nini. Akaniambia stoo. Nilipowaona watu wamekupangia mstari, nikapita benchi kwa benchi. 'Jamani mbona mmekaa? Wenzenu wako kule.' Niliwaambia hivyo tu. Na kila aliyeingia mlangoni nikamwelekeza."

"Lakini kwa nini, mama?"

"Kwa sababu tungekaa kwenye yale mabenchi mpaka Jumatatu. Mimi nimepika shule ya bweni miaka thelathini. Mtu aliyeketi hana haraka, na asiye na haraka hapakuliwi. Watu kumi na tano wameketi, hiyo ni ofisi. Watu hamsini wamesimama mbele ya stoo, hiyo ni aibu. Na aibu ina miguu, humfikia mkubwa."

"Na mkubwa alijuaje?"

"Nilikwenda chooni kupitia kwa karani wake. Nikamwambia kuna umati mlango wa saba, na kuna mtu anapiga picha."

"Nani alikuwa anapiga picha?"

"Hakuna."

Nikakaa palepale kwenye ukingo wa barabara.

"Sasa mama, mbona ulisema nitolewe? Nilikuwa nasema ukweli!"

"Ndiyo maana. Ungewatawanya." Akanyoosha kitambaa chake kichwani. "Siku nzima sikuogopa afisa wala mkuu. Niliogopa pale tu ulipopanda juu ya benchi. Lakini nikajua hawatakuamini. Watu hawaachi nafasi yao kwa ajili ya mtu mmoja."

Akaanza kutembea. Kisha akageuka.

"Ila hukunifurahisha kwa kitu kimoja. Nilikuona ukirudi mkiani. Wewe uliyejua. Kwa nini?"

Hadi leo ninapoandika hapa sina jibu zuri.

Nitakachowaambia ni hiki. Wale hamsini na mbili siwacheki tena, maana hawakujua. Mimi nilijua, na bado nikasimama nyuma yao, kwa sababu kuwa na ukweli peke yako kuna baridi, na foleni ina joto.

Kwa hiyo ukikuta watu wengi wameelekea upande mmoja, usihesabu vichwa tu ukaridhika. Tafuta kwanza nani anayewasogeza, na anapata nini wakisogea. Huenda anawapeleka pazuri, kama mama mkwe alivyotupeleka. Huenda ni mpuuzi mmoja tu anacheka moyoni.

Mke wangu bado anaamini mambo yalikwenda haraka siku ile kwa sababu mimi nilijituma. Mama yake ndiye aliyemwambia hivyo.

Mkisoma hapa, nyamazeni. Heshima yenyewe nimeipata juzi tu.